Kibofu Kinachosumbua kwa Muda Mrefu: Maswali Kuhusu Hofu, Aibu na Huzuni

Vipimo vya mkojo ni safi, lakini kibofu bado kinauma. Je, ni mawazo tu?

Hapana. Maumivu ya kibofu yakizidi wiki 6, na mkojo ukioteshwa maabara usionyeshe bakteria, huenda ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Unajulikana na unatibiwa. Kinachoumiza wagonjwa wengi Nairobi ni kuzunguka maduka ya dawa mtaani wakinunua antibiotiki kila mwezi. Antibiotiki haiondoi maumivu yasiyo na bakteria, na kila dozi inayoshindwa humvunja mgonjwa moyo zaidi.

Mbona nikiwa na wasiwasi nabanwa zaidi?

Kwa sababu ubongo ndio unaokiambia kibofu kisubiri au kiachie. Hofu huwafanya wengi wahisi kibofu kimejaa kabla hakijajaa. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500 hivi, lakini mwenye kibofu chepesi (kinachobana kabla ya kujaa) anaweza kubanwa na 100 tu. Umo ndani ya matatu Thika Road, foleni imeshika Pangani, unawaza choo kiko wapi, papo hapo unabanwa. Kesho yake unaenda chooni mara tatu "kwa tahadhari" kabla ya kutoka, na kibofu kinazoea kujaa kidogo. Mwisho hutoki nyumbani. Ndiyo maana tunasisitiza hofu na kibofu vitibiwe pamoja.

Nikibanwa safarini nifanye nini?

Usikurupuke. Tulia ulipo, kaza misuli ya kuzuia mkojo haraka haraka mara 5 au 6, ukiilegeza kabisa kila mara. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Shughulisha akili: toa 7 kutoka 100, endelea kushuka. Mbano hupanda, hufika kilele, kisha hupungua. Hapo ndipo utembee kwenda chooni. Lakini mwenye maumivu ya kibofu asikaze, kwani mara nyingi misuli yake imekakamaa tayari. Yeye ailegeze, na aweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo chini ya kitovu.

Kibofu chepesi kinaweza kufunzwa?

Ndiyo, kwa subira. Kwa siku 3 andika saa uliyokojoa, kiasi (tumia jagi lenye alama), ulichokunywa, na hali ya moyo wako (hofu, huzuni au utulivu) wakati huo. Wengi huacha safu hii ya mwisho, nayo ndiyo huonyesha kinachoamsha mbano. Ukiona unaenda kila saa 1, subiri hadi saa 1 na dakika 15. Ongeza dakika 15 kila wiki, ukilenga saa 3 hadi 4. Matokeo huchukua wiki 6 hadi 12. Siku ikiharibika, rudi hatua moja tu. Usijinyime maji, maana mkojo mzito huwasha kibofu: lita 1.5 hadi 2 kwa siku zinatosha wengi. Chai ya majani na kahawa zipunguze polepole, ukiacha ghafla kichwa kinaweza kuuma.

Nimeandikiwa amitriptilini. Si dawa ya wagonjwa wa akili?

Hapa haitumiki hivyo. Kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 usiku, hutuliza neva za maumivu na kuleta usingizi. Hukausha mdomo na inaweza kufanya mkojo ugome kutoka. Ikitokea hivyo, mwambie daktari.

Mkojo unavuja, nitaswali vipi?

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inakupa nafuu: jisafishe, vaa pedi, tawadha wakati wa swala ukishaingia, kisha uswali. Muulize imamu wako. Hili si jambo geni kwake.

Lini nitafute msaada wa kisaikolojia?

Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukizidi wiki 2, au ukianza kukwepa kazi, harusi na hata mwenzi wako kitandani. Mwombe daktari wa kibofu akuelekeze kwa mshauri nasaha. Ukiwaza kujiua usingoje kliniki: mwambie mtu sasa hivi, nenda hospitali iliyo karibu au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Damu kwenye mkojo, homa yenye maumivu ya kiuno, au mkojo kuziba kabisa, hayo hayahusiani na hofu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.