Maji ya buluu si dalili ya shibe

Panda boti Kunduchi, Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya, kisha utazame majini. Ufukweni maji yana ukijani na uchafuuchafu wa mchanga. Ukisogea yanatakata, mpaka unakiona kivuli cha boti kikitambaa chini kwenye mchanga. Safari iliyopita jirani yangu wa kiti alisema, “Maji masafi namna hii, huko mbele samaki watakuwa wamejaa.” Sikumbishia, mawimbi yalikuwa yananitosha. Ila alikosea, na wengi tunakosea naye, kwa kauli kama hizi.

“Maji ya buluu yamejaa uhai.” Nyuma ya visiwa, kwenye kina kirefu, buluu ile maana yake ni kwamba ndani ya maji hamna kitu kingi. Chakula cha baharini huanza na fitoplanktoni, vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufanya karibu nusu ya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua) wote duniani. Vikiwa vingi, maji huwa ya kijani. Vijidudu huvila, dagaa huvila vijidudu, jodari humla dagaa. Pasipo na kijani, msururu wote huo una njaa.

“Kwa jua letu hili, vitaota tu.” Hapa ndipo penye utamu. Jua lenyewe ni sehemu ya tatizo: hupasha maji ya juu, yakawa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Viumbe vikifa huzama na nitrojeni na fosforasi zao, vikaozea gizani. Basi virutubisho viko chini na mwanga uko juu. Ukipita mita 200 hakuna mwanga wa kuoteshea kitu. Kinachohitajika ni mwiko wa kukoroga sufuria, na mwiko wetu ni upepo. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikivuma kwa nguvu huchanganya tabaka hizo. Pwani ya Somalia, majira hayohayo, upepo husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu na maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba pengo. Mvuvi wa soko la samaki la Feri huilaani kusi kwa mawimbi yake, na ana haki, lakini ndiyo inayotia mbolea.

“Nitrojeni imejaa hewani, itapunguaje?” Ni kweli, ni asilimia 78 ya hewa. Lakini atomu zake zimekumbatiana mbili mbili, na fitoplanktoni nyingi haziwezi kuzitenganisha. Zinataka naitreti au amonia, yaani nitrojeni iliyokwisha kuungana na vitu vingine. Wachache wanaoweza ni kama trikodesimiamu, aina ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua, ambayo wakati wa kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, bahari ikitulia, huweza kuonekana ikielea kwa mistari ya kahawia kama unga wa mbao kwenye karakana. Watu hudhani ni uchafu wa meli. Nayo pia bila chuma na fosforasi haifiki mbali.

“Kirutubisho kimoja kikipungua, vingine vitafidia.” Muulize mama ntilie. Unga gunia zima, mkaa upo, maji ya bomba yakikatika ugali hauliwi. Kwa wastani fitoplanktoni hutumia atomu 16 za nitrojeni kwa kila moja ya fosforasi, na chembe tu za chuma. Lakini Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, na sehemu za Pasifiki, zina naitreti tele na bado hazina kijani cha kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasayansi wa bahari Mmarekani John Martin alisema kinachokosekana ni chuma, kwa kuwa maeneo hayo hupata vumbi kidogo la nchi kavu. Alifariki 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga chuma kwenye eneo dogo la bahari karibu na visiwa vya Galápagos. Fitoplanktoni ziliongezeka kweli.

“Basi tumwage mbolea baharini.” Taratibu. Mwaka 2008 nchi wanachama wa Mkataba wa London kuhusu utupaji taka baharini zilikubaliana jambo hilo lisifanyike ila kwa utafiti halali, maana sehemu kubwa ya kinachoota huliwa au kuoza palepale juu, na athari zake kwa viumbe wengine hazitabiriki. Na bahari iliyo karibu na watu haina njaa hiyo hata kidogo: simama daraja la Salender, Dar es Salaam, mvua zikinyesha, uone uchafu wenye rutuba ambao mto Msimbazi unaushusha.