Je, wajua? Ukiinyima kompyuta ya gemu ya mkononi nusu ya umeme, haipotezi nusu ya kasi

Shika Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi ya Valve, fungua gemu nzito kiasi cha kuitoa chipu jasho, ondoa kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), kisha bonyeza kitufe cha vidoti vitatu kilicho chini upande wa kulia. Menyu inajitokeza pembeni. Kwenye ukurasa wenye alama ya betri kuna mstari wa kuburuta unaoweka kikomo cha TDP, yaani wati ambazo chipu inaruhusiwa kula. Anzia 15. Shusha hadi 14, halafu 13, halafu 12, ukiangalia idadi ya fremu kwa sekunde pale kwenye kona. Inapungua, ndiyo, lakini kwa shingo upande: fremu moja hapa, mbili pale. Feni inaanza kunyamaza. Ukifika 10 umeiondolea chipu theluthi nzima ya mgawo wake, na katika gemu nyingi usipoitazama ile namba hutajua kama kuna kilichobadilika. Hizo wati tano zilikuwa zinafanya kazi gani?

Wengi wangejibu kwamba wati ni kasi: ukikata theluthi ya wati umekata theluthi ya kasi, na kama macho hayajaona tofauti basi macho ndiyo mabovu. Imani hii imeenea kuliko inavyostahili, na watengenezaji wenyewe wanaipalilia. ROG Ally ya ASUS, mashine ya aina hiyo hiyo iliyotoka mwaka 2023, ilikuja na hali tatu za kuchagua: ya kimya yenye wati 10, ya kawaida yenye wati 15, na ile inayoitwa Turbo yenye wati 25, ambayo hupanda hadi 30 ukichomeka chaja. Ukizisoma zikiwa zimepangana namna hiyo, ni rahisi kuamini kwamba 30 ni mara tatu ya 10 katika kila kitu. Ndivyo ilivyo kwa joto. Ndivyo ilivyo kwa umeme unaoliwa na chipu. Kwa fremu sivyo kabisa.

Imani hiyo ina sura nyingine pia. Mnunuzi analinganisha mashine mbili kwa wati zake na kuhitimisha kwamba yenye wati nyingi ndiyo kali, bila kuuliza chipu ni ya kizazi gani wala skrini ina pikseli ngapi. Steam Deck ina skrini ya pikseli 1280 kwa 800, yaani zaidi kidogo ya milioni moja. ROG Ally ina 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni mbili. Sehemu ya zile wati za ziada inakwenda kuchora pikseli ambazo mwenzake hana. Mwingine naye hathubutu kugusa ule mstari hata siku moja, akiamini kwamba kuokoa betri ni sawa na kukubali kucheza kwa kukwamakwama. Anabaki na feni inayovuma na mashine inayozima kabla hajamaliza hatua aliyoianza.

Siri iko kwenye volti.

Ndani ya chipu kuna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, na kazi ya kila moja ni kujazwa chaji na kumwagwa. Ichukulie kama pipa lililosimama wima, likijaa linasoma 1, likiwa tupu linasoma 0. Kimo cha maji ndani yake ndiyo volti. Sasa sema unataka kimo hicho kiwe mara mbili. Utahitaji maji mara mbili, hilo halina mjadala. Lakini angalia pia kazi ya kuyapandisha: kila ndoo sasa, kwa wastani, inapandishwa mara mbili ya urefu wa mwanzo. Maji mara mbili, na kila tone limepanda mara mbili zaidi. Jasho lako limekuwa mara nne. Na pipa likishajaa, maji hayarudishwi kisimani. Yanamwagwa, na nguvu uliyotumia kuyapandisha inaishia kuwa joto, lile linalotoka kwenye tundu la juu la mashine unapocheza. Kisha unaanza upya, na katika chipu ya picha ya Steam Deck kengele ya kuanza upya inaweza kugonga hadi mara bilioni 1.6 kwa sekunde.

Wahandisi wanaliandika hili kwa ufupi: nguvu ni sawa na uwezo wa kubeba chaji, mara volti, mara volti tena, mara idadi ya milio ya ile kengele kwa sekunde. Volti imeingia kwenye hesabu mara mbili, na fitina yote inaanzia hapo.

Mtu atauliza, kwa nini basi volti isiwekwe chini milele? Kwa sababu mapipa yanategemeana. Maji yakifika kwenye alama fulani ubavuni mwa pipa moja, ndipo bomba la pipa linalofuata linapofunguka. Kengele ikigonga kabla maji hayajafika kwenye alama, pipa linalofuata linapokea habari ya uongo, na wewe unaona gemu imeganda au mashine imezima ghafla. Ukitaka kengele igonge haraka zaidi, sharti maji yaje kwa msukumo mkubwa zaidi. Msukumo huo unatoka kwenye tangi lililoinuliwa juu zaidi, na tangi likiinuliwa, mapipa yote nayo yanajaa hadi kimo kile kile kipya. Kwa hiyo kasi haipandi peke yake. Inaivuta volti nyuma yake, na volti inakuja na ile tabia yake ya kujizidisha.

Tuweke namba za mfano, si za mashine fulani. Unataka kasi ipande kwa asilimia 20, na chipu inadai volti ipande kwa asilimia 15 ili ihimili. Hesabu ni 1.2 mara 1.15 mara 1.15, ambayo ni takriban 1.59. Umelipa umeme wa ziada karibu asilimia 60 kwa kasi ya asilimia 20. Sasa rudi nyuma kwa hatua zile zile: kasi ishuke kwa asilimia 20, volti kwa 15. Ni 0.8 mara 0.85 mara 0.85, karibu 0.58. Umebaki na asilimia 80 ya kasi kwa asilimia 58 ya umeme. Sijui biashara nyingi zenye punguzo la namna hiyo.

Na hiyo ni kasi ya chipu tu. Fremu ni jambo jingine, kwa sababu chipu ya picha haifanyi kazi peke yake. Katika mashine hizi prosesa na sehemu ya picha zinakaa kwenye kipande kimoja na kuchangia kumbukumbu moja. Ile ya Steam Deck ya kwanza, ya mwaka 2022, inapitisha data gigabaiti 88 kwa sekunde, na hapo ndipo mwisho wake. Gemu inapokuwa inasubiri data kutoka kumbukumbu, kuizidishia chipu wati ni kuilipa isubiri kwa haraka zaidi. Ndiyo maana kwenye baadhi ya gemu zile hatua za mwisho za mstari hazileti hata fremu moja.

Zamani tabia hii haikuwakera watu sana. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza jinsi transista zikifanywa ndogo, volti nayo inaweza kushushwa kwa kiwango hicho hicho, na kwa miongo mitatu chipu zikawa zinaongeza kasi bila kuongeza joto kwa eneo lile lile. Katikati ya miaka ya 2000 volti iligoma kushuka zaidi, kwa sababu transista zenye volti ndogo mno zinavuja umeme hata zikiwa zimezimwa. Tangu hapo kila gigahezi ya ziada imekuwa na bei. Kwenye kompyuta ya mezani yenye feni tatu bei hiyo haionekani. Kwenye mashine unayoishika mikononi inaonekana mara moja.

Hata hivyo usikimbilie kuushusha mstari hadi 3. Huko chini mambo yanageuka. Volti ina sakafu yake: ikishaifikia haishuki tena, na kuanzia hapo kila wati unayoikata inatoka moja kwa moja kwenye kasi. Isitoshe, kuna sehemu za chipu zinazokula kiasi kile kile iwe gemu ni nzito au nyepesi, kama vile njia za kumbukumbu. Mgawo ukiwa wati 4, sehemu hizo zinachukua fungu kubwa na kinachobaki kuchora picha ni makombo. Kwenye gemu nzito, mteremko ulioanza kwa fremu moja moja unageuka kuwa korongo. Linaanzia wapi hasa, inategemea gemu na inategemea chipu yako. Zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja hazilingani, nyingine inahitaji volti kidogo kuliko jirani yake kwa kasi ile ile.

Kuna mshangao mwingine upande wa betri, nao unawakatisha tamaa wale waliokwisha kuelewa yote hayo. Chipu si mlaji pekee. Skrini inakula, kumbukumbu inakula, diski, Wi-Fi, feni na spika vilevile. Tuseme hivyo vyote kwa pamoja vinakula wati 7. Betri ya Steam Deck ya kwanza ina wati-saa 40. Chipu ikiwa kwenye 15, jumla ni wati 22, na unapata kama saa moja na dakika 49. Ishushe hadi 8, jumla ni 15, unapata saa mbili na dakika 40. Ishushe tena kwa nusu, hadi 4: jumla ni 11, yaani saa tatu na dakika 38 au karibu. Umeikata chipu kwa zaidi ya theluthi mbili na betri imedumu mara mbili tu ya mwanzo, huku gemu ikiwa imeshageuka maonyesho ya picha moja moja. Sehemu yenye faida iko katikati ya mstari, na kuitafuta ni kazi ya dakika chache kwa kila gemu: shusha wati moja, subiri kidogo, angalia, shusha nyingine, hadi namba inapoanza kuporomoka, kisha rudi juu hatua moja.

Wale wanaopenda kuchokonoa zaidi wana njia mbili nyingine. Kwanza, kwa kuwa prosesa na sehemu ya picha zinagawana mgawo mmoja, prosesa ikiruka hadi kasi yake ya juu bila sababu inamnyang'anya mwenzake. Ndiyo sababu wenye mashine za Windows huzima ile ruhusa ya prosesa kupanda kupita kasi yake ya msingi, na mara nyingine wanaona fremu zinaongezeka badala ya kupungua. Pili ni kupunguza volti bila kugusa kasi. Kiwandani kila chipu hupewa akiba ya volti ili hata ile dhaifu isianguke, na kwenye mipangilio ya ndani ya Steam Deck, ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, akiba hiyo inaweza kupunguzwa kwa makumi ya millivolti. Kwa mfano, kutoka volti 0.90 hadi 0.86 ni tone dogo sana. Lakini volti inajizidisha, kwa hiyo umeme unaoliwa na zile transista unashuka kwa karibu asilimia 9. Ukizidisha, mashine itaganda, na pengine itaganda siku ya tatu katikati ya pambano badala ya dakika ya kwanza ya majaribio. Hifadhi gemu yako mara kwa mara.

Na kama umeshusha wati na fremu hazifiki 60, usirukie 30 moja kwa moja. Kwenye 30 kila fremu inakaa milisekunde 33.3. Kwenye 60 inakaa 16.7. Katikati ya hizo mbili ni 25, na milisekunde 25 ni fremu 40 kwa sekunde, si 45 kama kichwa kinavyotaka kuamini. Fremu 10 tu juu ya 30, nawe umeshafika nusu ya safari ya ulaini. Sharti ni kwamba skrini ikubali mapigo (mara inazojichora upya kwa sekunde, zinazohesabiwa kwa hezi) yanayogawanyika sawasawa kwa 40. Ile ya Steam Deck ya kwanza inashuka kutoka hezi 60 hadi 40. Ile ya toleo la OLED la mwishoni mwa 2023, inayofika 90, inawekwa kwenye 80 na kila fremu inaonyeshwa mara mbili. Skrini iliyofungwa kwenye hezi 60 itazishika fremu nyingine pigo moja na nyingine mapigo mawili, na jicho linauona mchechemeo huo.

Kikomo cha fremu kina faida ambayo kikomo cha wati hakina: mahali pepesi kwenye gemu chipu inapumzika yenyewe. Bila kikomo hicho, menyu ya kuanzia inaweza kuchorwa mara mamia kwa sekunde, picha ile ile isiyosogea, kwa wati zote zilizopo. Kwa hiyo feni ikivuma kwa nguvu wakati wewe bado unachagua kama uendelee au uanze upya, gemu yenyewe haijaanza. Ni kitufe kimoja kinachopakwa rangi tena na tena.