Maji ya betri, mwani na majeraha ya kuungua: ufafanuzi kwa wananchi

Kufuatia malalamiko yanayotufikia kupitia kwa masheha kuhusu gereji zinazomwaga mitaroni maji ya betri, yaani tindikali yenye risasi, tunalazimika kufafanua imani iliyoenea kwamba mwani wetu husafisha maji hayo na pia huponya aliyeungua.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwani wa kahawia, ule wenye vibofu vidogo vya hewa unaotupwa ufukweni, una ute uitwao alijineti, ambao huachia kalsiamu na kushika metali kama risasi, kadimiamu au shaba iliyomo majini. Bandeji za alijineti zinazotumika hospitalini kwa vidonda vyenye majimaji hufanya mabadilishano ya namna hiyo hiyo: huachia kalsiamu, hupokea sodiamu ya kidonda, na kugeuka ute unaokitunzia unyevu. Lakini spinosamu na kotonii, zinazolimwa Paje na Jambiani tangu 1989 na kwa wingi zaidi Pemba, ni mwani mwekundu. Hutoa ute mwingine uitwao karajinani, si alijineti.

Hata ule wa kahawia hausaidii ukitiwa mtaroni ndani ya polo. Tindikali ya betri ni kali mno, na ukali huo hujaza nafasi ambazo risasi ingeshikwa; sharti ipunguzwe kwanza, kazi ambayo si ya kufanyia uani. Zaidi ya hayo, risasi iliyoshikwa haijatoweka, kwa hiyo mwani uliotumika ni taka ya sumu, nao hautupwi shambani wala hauchomwi. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi hadi visimani, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Ofisa wa mazingira anapofika gereji, huchukua sampuli ya maji hayo kwa chupa safi ya plastiki, huitia tindikali ya naitriki hadi pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ishuke chini ya 2 ili metali isigande kwenye kuta za chupa, huibandika lebo yenye tarehe, saa na mahali, kisha huifunga. Mmiliki wa gereji asibishane na chupa. Uchafuzi huo ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya 2015.

Fundi akimwagikiwa na tindikali hiyo, avue nguo iliyolowa na aoshe kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, na mwenzake amvue pete na saa kabla mkono haujavimba. Tumesema mara nyingi, na tunarudia: si dawa ya meno, si mafuta, si barafu, wala si mwani uliotwangwa. Afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali, Mnazi Mmoja au Chake Chake. Ngozi iliyopauka na kukakamaa pasipo maumivu isimpe mtu matumaini, kwani mishipa ya fahamu imekwisha kuungua, na mgonjwa huyo asisubiri hadi asubuhi.