Baki njia kuu: uongo tunaoambiana kuhusu kuchepuka na gari hifadhini

"Gari moja tu, mara moja tu, litaharibu nini?" Swali hili nimeulizwa na wageni wa nje, nimeulizwa na familia zilizotoka Dar kwa mapumziko ya Pasaka, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba huulizwa pia na madereva vijana ninaowafundisha kazi. Wakishaona nimenyamaza huongeza: "Si majani yataota tena mvua ikinyesha?" Nimechoka kulijibu nikiwa nimeshika usukani huku nyuma yangu watu wananisukuma bega kwa sababu duma yuko mita 200 kwenye nyasi. Nalijibu hapa, kwa urefu. Dhana nyingine za kutetea kuacha njia hifadhini nitazipitia haraka, maana hazinipandishi presha kama hii.

"Gari moja halidhuru, na majani yataota"

Tuanze na udongo. Tambarare za kusini mwa Serengeti, kuanzia Naabi kushuka mpaka Ndutu, zimefunikwa na majivu ya volkano. Yalirushwa na Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, upepo wa mashariki ukayabeba na kuyamwaga huko. Chini ya majivu hayo, mara nyingi kabla hujachimba hata mita moja, unakutana na tabaka jeupe lililoshikamana kwa chokaa. Mizizi ya miti hailipenyi, na ndiyo sababu unaweza kuendesha nusu saa bila kuona mti. Majani mafupi yenye madini yanayowavuta nyumbu kuja kuzaa kila Januari hadi Machi yanaishi kwenye hilo tabaka jembamba la juu. Hayana pengine pa kwenda.

Sasa Land Cruiser ya safari, iliyorefushwa, ikiwa na watu, sanduku la vinywaji baridi, tairi mbili za akiba na mafuta, ina tani 3 hivi. Ikiacha njia na kuingia kwenye udongo ule laini, kazi kubwa ya kuushindilia inafanywa na mpito wa kwanza. Mpito wa pili unaongeza kidogo, wa kumi unaongeza kidogo zaidi. Wageni, na madereva wangu, wanapiga hesabu hii kinyumenyume: wanadhani gari la kwanza ni la bure na la hamsini ndilo la hatari. La kwanza ndilo linaloua nafasi za hewa na maji ndani ya udongo. Hayo mengine yanakuta kazi imekwisha.

Dereva mwanafunzi akinibishia, simwambii kitu. Nampeleka nje ya hifadhi, kwenye malisho ya upande wa Makuyuni ambako kuna njia za magari zilizokwisha kuachwa, nampa bisibisi ndefu na chupa ya maji. Bisibisi ichomeke kwanza kwenye majani, hatua mbili kutoka kwenye njia: inazama mpaka kwenye mpini. Kisha ichomeke kwenye mstari wa tairi: inaingia kiasi cha kucha, inagoma. Halafu mimina maji. Pembeni yanazama kabla hujamaliza chupa. Kwenye mstari wa tairi yanasimama kidogo, yanatafuta mteremko, yanaanza safari. Wengi hunyamaza hapo. Mmoja aliniambia, "Lakini mzee, mbona kandokando ya mstari majani ni ya kijani kuliko huku?" Swali zuri, na ndilo linalowapotosha watu wengi. Ni ya kijani kwa sababu yanakunywa maji yaliyokataliwa na mstari wenyewe. Ukipita kwa gari unaona ukijani, unasema pamepona. Shuka uangalie katikati ya alama ya tairi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo kiangazi. Masika ni habari nyingine. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Ukanda wa Magharibi wa Serengeti na wa Maasai Mara, tairi linazama mpaka kwenye ekseli, dereva anakanyaga mafuta, magurudumu yanachimba, mwenzake anakuja kumvuta naye anachimba lake. Ikifika Juni ile mitaro imekauka ikawa migumu, na masika yajayo maji yote ya mteremko ule yanajua pa kupita. Mmomonyoko haumwulizi dereva kama alikuwa na haraka. Njoo baada ya misimu michache utakuta kikorongo.

Majani yanaota, ndiyo, sikatai. Nyasi zetu hupona haraka kuliko mimea ya jangwani. Huko Marekani, kwenye jangwa la Mojave, alama za vifaru vya Jenerali Patton vilivyofanya mazoezi kati ya 1942 na 1944 zinaonekana mpaka leo. Sisi si Mojave. Lakini majani kuota na udongo kupona ni mambo mawili. Juu panaweza kufunikwa kwa msimu mmoja, chini pakabaki pameshindiliwa miaka.

Na hata tuseme udongo haukudhurika kabisa. Bado kuna jambo ambalo kila dereva analijua ila halisemi mbele ya mgeni: alama ndiyo inayoleta gari la pili. Ukichepuka kumfuata duma saa moja asubuhi, saa nne mwenzako anapita barabarani, anaona mistari miwili imeingia kwenye nyasi, anasema "kumbe kuna njia hapa." Hana ubaya, ni mgeni wa eneo. Anafuata. Jioni wameshapita sita, wiki ijayo iko kwenye GPS ya mtu. Nyanda zile hazina gari moja. Gari lako ni la kwanza tu kwenye foleni.

"Mbona nyumbu zaidi ya milioni wanakanyaga kila siku?"

Hili huletwa na watu wanaojiona wamenikamata. Nyumbu nao huchora njia zao ardhini, tena zinaonekana hata kutoka kwenye ndege. Lakini nyumbu mkubwa ana kilo 200 na kitu, si tani 3, na uzito ndio unaoamua mgandamizo utafika kina gani. Kwato inaacha shimo dogo hapa, jingine pale, na kati yake kuna udongo usioguswa. Tairi linaacha mfereji usiokatika, mara mbili, sambamba, na mara nyingi unaelekea kule kule maji yanakotaka kwenda. Pia nyumbu anakula, ananya na kuondoka. Kundi likishapita, tambarare inapumzika miezi. Gari lako halirutubishi kitu.

"Wanyama wamezoea magari, angalia simba hata hashtuki"

Simba aliyelala hashtuki, kweli. Ila usimpimie duma kwa simba.

Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha matokeo yake kutoka Maasai Mara. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao mpaka ajitegemee. Kwenye maeneo yenye watalii wachache wastani ulikuwa 2.3. Soma tena hizo namba mbili polepole. Utafiti haukusema tairi ndilo lililowaua, na mimi sisemi hivyo. Lakini duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo sisi tuko barabarani. Anahitaji kunyemelea bila kelele, anahitaji kutweta na kupumzika baada ya kukimbia, na akishakamata anahitaji kula haraka kabla fisi hajafika. Gari likimkata njia, swala ameona. Magari 10 yakimzunguka akiwa na mzoga, fisi aliye mbali hahitaji kunusa: anaangalia msongamano uko wapi.

Halafu kuna wale usiowaona. Mtoto wa swala tomi, akiwa na siku chache tu, hakimbii hatari. Analala chapa, masikio yamebanwa, shingo imenyooshwa juu ya ardhi, na hatikisiki mpaka karibu umkanyage. Mbinu hiyo inamsaidia dhidi ya mbweha. Dhidi ya bampa haimsaidii. Watoto wa duma nao hufichwa kwenye nyasi kwa wiki zao za mwanzo, mama akiwa ameenda kuwinda. Ndege wanaotaga chini, akina mbuni na tandawala, mayai yao yako wazi kabisa. Sasa fikiria gari limechepuka: dereva anamwangalia duma, abiria saba wanamwangalia duma, na mita mbili mbele ya tairi hakuna anayepaangalia. Ukiniambia "hatujawahi kukanyaga kitu," nitakuuliza ulijuaje.

"Ndutu wanaruhusu, iweje hapa tukatazwe?"

Kwa sababu upande mkubwa wa Ndutu mnaokwenda uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959, yenye mamlaka yake na sheria zake, tofauti na hifadhi za taifa zilizo chini ya TANAPA. Kwa miaka mingi huko madereva wameruhusiwa kuacha njia msimu wa nyumbu kuzaa. Mpaka na Serengeti unapita katikati ya tambarare na hauna uzio, kwa hiyo picha uliyoiona mtandaoni ya gari kwenye nyasi haikwambii lilikuwa upande gani. Dereva wako anatakiwa ajue. Asipojua, badilisha dereva.

Maoni yangu, na najua wenzangu wengine hawayapendi: hata Ndutu tumeitumia ruhusa vibaya. Zungukia kingo za Ziwa Ndutu na Ziwa Masek msimu unapokwisha uone mitaro. Ruhusa haiwezi kubadilisha udongo.

Kwa upande wa Kenya watu hunitajia Naboisho au Olare Motorogi, zile hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara. Kule ardhi ni ya familia za Kimaasai, wameikodisha, kambi ni chache kwa makubaliano, na magari yanayoruhusiwa kumzunguka mnyama mmoja yanahesabika. Kuacha njia kunawezekana kwa sababu idadi imebanwa kwanza. Ukichukua uhuru wa kule bila kikomo cha kule, umebeba nusu ya somo.

"Four-wheel imetengenezwa kwa ajili hiyo"

Imetengenezwa ikutoe kwenye tope la barabarani. Na kwa barabara za kuteremka Seneto na kupanda Lerai kule kreta ya Ngorongoro, vizuri. Gari kuweza kupita mahali si sababu ya kulipitisha.

"Napita pembeni kwa sababu barabara ni mbovu"

Hili ni letu sisi madereva, wageni hawahusiki. Barabara ya Naabi kwenda Seronera kiangazi inakuwa na mawimbi yanayotikisa gari mpaka meno yanagongana. Basi mmoja anashuka pembeni, kuna ulaini. Baada ya muda ule ulaini nao unaota mawimbi, anashuka mwingine mbele zaidi. Hivyo ndivyo barabara moja inavyozaa nne, na tope la masika linafanya vivyo hivyo: kila mtu analikwepa kwa upana zaidi ya aliyetangulia.

Mawimbi yale yanatengenezwa na mwendo wetu wenyewe. Serengeti kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na wengi wenu mnapita na 80 mkiwahi geti. Nenda polepole. Toa upepo kidogo kwenye matairi ukifika changarawe, gari litatulia na hutalaumu barabara. Ila usisahau kuujaza ukirudi kwenye lami ya Karatu, maana nimeona matairi yakichanika kwa uvivu huo.

"Ni mtego wa kukusanya faini tu"

Faini ipo, na dereva anaweza kufungiwa. Anayeiita mtego huwa ni yule aliyekamatwa. Nyie abiria mjue kitu kimoja: mkimpigia dereva kelele achepuke mkamwahidi bahshishi, faini ikija ni yake, kazi ikipotea ni yake, na nyie Jumapili mko kwenye ndege.

"Bila kusogea hatupati picha"

Njooni na darubini. Sielewi mtu anayelipa viingilio vile vyote, akanunua kofia, buti na fulana zenye chui, kisha aje bila darubini hata moja ndani ya gari la watu saba. Kwenye simu duma wa mita 200 atakuwa doa, ni kweli. Kwenye darubini utaona michirizi ya machozi usoni mwake.

La pili, tokeni mapema. Lango likifunguliwa saa 12 muwe pale, si saa 2 mkiwa bado mnasubiri omleti. Asubuhi simba wengi wako barabarani kwenyewe, wanapenda pakavu umande ukiwa bado kwenye nyasi. Na mkimwona duma mbali, tafuteni kichuguu kilicho karibu na njia upande anaoelekea, simameni hapo, zimeni injini. Zimeni kweli, msiiache ikinguruma ili mchaji simu. Duma anapenda kupanda kichuguu aangalie tambarare. Akija, amekuja mwenyewe, na mnapata picha ambayo aliyemkimbiza hataipata. Asipokuja, mmemwona kwa darubini na mnaendelea mbele, Seronera kuna chui.