Faili la mipangilio: yanayosemwa na yalivyo

Ukikaa na vijana wanaotengeneza mifumo hapa Dodoma, wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) pale CIVE, chuo chake cha TEHAMA, au wa vitengo vya TEHAMA kwenye wizara za Mtumba, utasikia ushauri uleule: usiandike thamani ndani ya msimbo, iweke kwenye faili la mipangilio, yaani faili la pembeni ambalo programu husoma humo thamani zake. Ni ushauri mzuri. Anwani ya kanzidata, namba ya poti, dakika za kumtoa mtumiaji aliyeacha kompyuta wazi, vyote hivyo hutofautiana kati ya kompyuta ya mtengenezaji na seva ya ofisi, na hakuna sababu ya kuijenga programu upya kwa ajili yake. Ila ushauri huo umeota imani nyingi ambazo si za kweli.

"Kila kinachoweza kubadilika kikae kwenye faili."
Hapana. Chukua mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, tuseme Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na bei ya kilo haiahidi kubaki ileile msimu hadi msimu. Ukiiweka bei kwenye faili na mfumo ukawa unapiga hesabu kutoka humo, siku ukiibadilisha, mkulima anayeomba nakala ya stakabadhi ya msimu uliopita atapewa hesabu ya bei mpya. Hapo andaa maji ya kunywa, maana kikao kitakuwa kirefu. Bei ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo mahali pake ni jedwali ndani ya kanzidata. VAT nayo ni hivyo hivyo: ilianza mwaka 1998 ikiwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na ankara ya 2008 ikichapishwa upya leo lazima itoke na 20 yake. Faili la mipangilio linajua ya sasa tu.

"Nikishahifadhi, mfumo umepata habari."
Programu nyingi husoma faili mara moja, zinapowaka. Nginx, programu ya seva za tovuti, husubiri uiambie isome upya, na kabla ya hapo amri ya `nginx -t` itakuonyesha ulipokosea. PostgreSQL, programu ya kanzidata, imegawanyika: `work_mem`, kiasi cha kumbukumbu ya kufanyia kazi, hubadilika kwa kusoma upya tu, lakini `max_connections`, idadi ya miunganisho inayoruhusiwa, ambayo kwa kawaida huja ikiwa 100, haibadiliki mpaka huduma izimwe na kuwashwa.

"Nilichoandika ndicho kinachofuatwa."
Faili mara nyingi ni sauti moja kati ya kadhaa. Kwenye mifumo mingi, thamani ya msingi iliyomo kwenye programu hupitwa na faili, faili likapitwa na vigezo vya mazingira ya seva, navyo vikapitwa na kilichoandikwa kwenye amri ya kuwasha. Katika PostgreSQL kuna mtego zaidi: mtu akitumia amri ya `ALTER SYSTEM`, thamani inaandikwa kwenye `postgresql.auto.conf`, na hiyo huishinda `postgresql.conf`. Unaweza kuhariri faili la pili hadi jua lizame na usione tofauti yoyote. Pia, jina la kigezo likikosewa herufi moja, programu nyingi hazilalamiki. Zinalipuuza tu na kuendelea na thamani ya msingi.

"Ni maandishi tu, yatasomwa kama yalivyo."
Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu kosa halionekani kwa macho. Andika msimbo wa simu za mezani za Dodoma, `026`, bila alama za nukuu kwenye faili la YAML, muundo mmojawapo wa kuandika mipangilio. Kisomaji kinachofuata toleo la 1.1 kikiona sifuri mbele huhesabu kwa msingi wa nane, kikakupa 22. Toleo la 1.2, la mwaka 2009, hukupa 26, na sifuri bado imepotea. Katika orodha ya nchi, msimbo wa Norwei, `NO`, hugeuka kuwa "si kweli" kwenye toleo la 1.1. JSON, muundo mwingine, haina utata huo, ila haikubali maelezo ya pembeni wala koma baada ya kipengele cha mwisho. Chochote ambacho hutakijumlisha wala kukitoa, simu, sanduku la posta, namba ya mkulima, kifungie kwenye nukuu.

"Kubadilisha mipangilio si kubadilisha programu, majaribio ya nini?"
Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho la faili la mipangilio ya ulinzi. Msimbo wa programu yenyewe haukuguswa. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka na ndege zikabaki viwanjani.

"Nywila iko kwenye faili, si kwenye msimbo, basi iko salama."
Faili likiingia Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, hata mara moja, kulifuta baadaye hakuondoi kitu, historia inabaki nalo. Badilisha nywila yenyewe. Na kama nyuma yake kuna majina na simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

"Saa ni saa."
Bosi anasema nakala rudufu ichukuliwe saa mbili usiku, kijana anaandika 2 kwenye ratiba ya cron, programu ya kuwasha kazi kwa saa zilizopangwa. Kwa cron, 2 ni saa nane usiku. Anasahihisha kuwa 20, lakini seva inafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, basi kazi inaanza saa tano usiku. Anataka kuweka kanda ya saa, anaandika `Africa/Dodoma` kwa fahari ya makao makuu, na mfumo unamkatalia: jina hilo halimo kwenye orodha, kwa kuwa kanda hupewa majina ya miji yenye watu wengi. Andika `Africa/Dar_es_Salaam`, hata kama seva yenyewe iko Njedengwa.