JAR mpya iko kwenye seva, mbona watumiaji wanaona ya zamani?

"Futa historia ya kivinjari." Ndilo jibu la kwanza analopewa mtumiaji wa Java Web Start (teknolojia ya kufungua programu za Java kutoka kwenye wavuti) akilalamika kwamba programu yake haijabadilika, na halimsaidii kitu. Kazi ya kivinjari huishia kinapokabidhi faili la JNLP, lenye maagizo ya kufungua programu. Mafaili ya JAR, yaani yenye programu yenyewe, hupakuliwa na Java na kuwekwa kwenye kache yake (hifadhi ya muda). Andika amri javaws -viewer uyaone, uyafute huko. (Ila ukifika mahali pa kuwafutisha kache watumiaji wote, tatizo liko kwako, si kwao.)

Wengine huamini kwamba kubandika JAR mpya juu ya ile ya zamani kunatosha. Kunatosha kama hukutaja namba ya toleo, maana hapo Java huiuliza seva: faili hili limebadilika tangu tarehe fulani? Seva hutazama Last-Modified, tarehe faili lilipobadilishwa mwisho. Ikiona hakuna jipya, hujibu 304 ("halijabadilika") na mambo yanaishia hapo. Hapa ndipo mafundi wengi hunaswa. Toleo jipya limeharibika, wanarudisha JAR ya wiki iliyopita pamoja na tarehe yake ya wiki iliyopita, seva inaiona kuukuu, na watumiaji wanabaki na ile mbovu. Ipe tarehe ya leo kwanza, kwa amri ya touch.

Ukiandika version="1.4" kwenye kipengele cha jar ndani ya JNLP, habari ni nyingine kabisa. Java ikishapata 1.4 haiulizi tena. Badilisha yaliyomo mara kumi. Namba isipobadilika, hakuna atakayeyapata. Na kwa kawaida seva nayo hutakiwa kujua kujibu maombi yenye namba, kazi ambayo JnlpDownloadServlet, programu ya upande wa seva, iliandikiwa.

Je, programu hufunguka daima ikiwa mpya? Hapana. Usipotaja lolote kwenye JNLP, Java hutumia check="timeout": huangalia kwa muda mfupi, mtandao ukisuasua hufungua ya zamani huku ikiendelea kuangalia kimyakimya. Mtumiaji huona mapya akifungua mara ya pili. Kama hilo halivumiliki, weka check="always", na ukubali kusubiri.

Href ndani ya jnlp, yaani anwani ya faili hilo kwenye seva, nayo si pambo. Bila hiyo, anayebofya nakala aliyoihifadhi mwaka jana anaendesha maagizo ya mwaka jana.

Eti Web Start ilishakufa? Oracle iliiondoa katika Java 11, mwaka 2018. Lakini Java 8 ya Oracle bado inayo, na OpenWebStart, mbadala wake, husoma JNLP zilezile.