Bahari Imeenda Wapi?

Simu iliingia saa nne na robo asubuhi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Mama mmoja wa Nakuru. Alifika jana yake jioni kwa treni ya SGR, akalala vizuri, akanywa chai bila haraka, akavaa nguo zake za kuogelea na kushuka hadi ufuoni Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Akakuta mchanga, majani na vidimbwi. Maji yalikuwa kule mwambani, mstari mweupe tu kwa mbali.

"Nimelipia chumba kinachotazama bahari," akaniambia. "Sasa bahari imeenda wapi?"

"Imekupwa, mama. Saa nane itakuwa njiani kurudi."

Akacheka, lakini si sana.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba wa kutembeza wageni Mombasa. Huniuliza bei, usalama, chakula, hata kama nyani wanaingia vyumbani (tumbili ndio wanaoingia, funga dirisha). La maji hakuna anayeliuliza kabla ya kulipa, na ndilo linaloharibu siku nyingi kuliko mvua. Watu hupanga likizo ya Pwani kwa kalenda ya shule na bei za hoteli. Mimi huanza kwa kutazama mwezi uko wapi angani.

Mambo yenyewe ni haya. Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kukupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi karibu mita 1. Ufuo wetu wa kaskazini ni mlalo, hauna mteremko mkali, kwa hiyo mita 3 za kwenda juu na chini ni mamia ya mita za kutembea kwa miguu. Ndipo mtu akaona bahari imehama.

Babu yangu alivua kwa madema, ile mitego ya samaki, na hakuwahi kushika jedwali la maji. Alijua jambo moja tu: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano tangu mwezi uandame, maji hujaa kama saa kumi na nusu, alfajiri na alasiri. Siku zinazofuata aliongeza. Ukifika mwezi nane umeongeza dakika 50 mara saba, karibu saa sita, na maji mafu yanajaa saa nne asubuhi. Siku za bamvua, saa nne hiyohiyo ndipo maji yako chini kabisa. Hesabu hii haitakupa dakika kamili (mabaharia wana jedwali la Mamlaka ya Bandari), lakini kwa mtu anayetaka kujua aoge kabla ya chakula cha mchana au baada, inatosha kabisa.

Kwa hiyo mwenye watoto wanaotaka kuoga asubuhi, kisha kulala mchana, namtafutia siku za maji mafu. Mwenye kutaka kutembea hadi mwambani aone viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota), kaa na samaki wa rangi waliobaki kwenye vidimbwi, huyo ni wa bamvua. Atoke mapema, saa tatu, avae raba. Chini pana wale nungu wa baharini wenye miiba myeusi, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni hutausahau wiki hiyo.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndipo watu huumia. Maji yakianza kujaa hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwanza kupitia milango ya mwamba na kujaza bonde lililo kati yako na ufuo, huku wewe umesimama pakavu juu ya mwamba ukipiga picha. Ukigeuka, njia uliyopita kwa maji ya vifundo sasa ni ya kiuno. Kanuni yangu ni kugeuka kurudi wakati maji bado yanakupwa, au yakisimama tu. Siongezi dakika tano kwa ajili ya mtu. Na maji yanapotoka, usiogelee karibu na mlango wa mwamba: maji yote ya ndani hutokea hapo, na mkondo wake haumjui bingwa wa bwawa.

Miaka yangu ya mwanzo, hoteli moja ya huku kaskazini ilipanga boti lenye sakafu ya kioo kila Jumanne saa nne, kwa sababu ofisini saa nne ilionekana saa nzuri. Jumanne moja ikaangukia bamvua. Tukatoka tumechelewa, boti likakaa juu ya mchanga na wageni kumi na wawili, na tukakaa nalo chini ya jua hadi maji yalipotuhurumia. Nahodha alikuwa amesema tangu asubuhi. Hakuna aliyemuuliza tena baada ya kusema.

Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, iko mbele ya hoteli hizohizo za Nyali, Bamburi na Shanzu. Maji yakiwa chini, mwamba huvunja mawimbi na ndani hutulia kama bakuli, kwa hiyo boti liondoke mapema kabla halijakwama, likae huko, lirudi yakianza kujaa. Usikanyage matumbawe, usiokote kombe, na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja iache chumbani, imepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Kisite, kusini kwa kisiwa cha Wasini, kuna maji safi zaidi na pomboo, sibishani na anayesema hivyo. Lakini ni safari ya siku nzima kupitia Shimoni, na mwenye siku tatu tu namwambia abaki na mwamba wa mlangoni kwake.

Zile saa ambazo bahari haikufai ndizo za mjini. Hapa wengi husahau kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa, na hoteli walizolala ziko bara. Siku za maji mafu, oga asubuhi, kisha alasiri vuka daraja la Nyali uende Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya jabali la matumbawe, mlangoni mwa bandari ya zamani. Waomani waliizingira kuanzia 1696 wakaitwaa 1698. Mimi huwapeleka wageni moja kwa moja kwenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kusaidia waliozingirwa. Baada ya hapo maelezo ya mizinga huwa mafupi. Kutoka hapo ni Mji wa Kale kwa miguu, polepole, halafu jua likizama, ufuoni Mama Ngina kwa muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na madafu.

Majira nayo yana neno. Wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni safi na bei ziko juu. Kusi ikianza Aprili, upepo huchafua maji, mwani hujaa ufuoni na mvua za masika hufika kilele Mei. Wageni hulalamikia mwani kana kwamba hoteli imeumwaga. Bei za wakati huo ni za kupendeza, ila usije kwa ajili ya kupiga mbizi. Nikiulizwa mimi binafsi, natoa jibu la matlai, msimu wa kati ya pepo hizo mbili, Oktoba na Novemba mwanzoni, kabla umati wa Krismasi haujashuka.

Na kamba ambazo hoteli hufunga ufuoni kuzuia watu? Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inahesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Maana yake siku ya bamvua, saa nne asubuhi, umma una uwanja mpana kuliko kiwanja chochote cha mpira, na saa kumi alasiri umebaki na mahali pa mkeka. Mabichi boi, wale wachuuzi wa ufuoni, wanajua hesabu hiyo vizuri. Ukitaka saa za maji, waulize hao kabla ya mapokezi, hata kama hununui kikoi.

Yule mama wa Nakuru alinitumia picha saa kumi jioni, maji yako kifuani, kofia imeshikwa kwa mkono mmoja. Chini yake ameandika: "Kesho ni saa kumi na moja na dakika kumi, sivyo?"

Nikamwongezea dakika kumi.